Naomba ushauri: Military Cross isiyo na maelezo ya tendo

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaofuatilia nishani za Vita Kuu ya Kwanza.

Namfuatilia luteni usu wa batalioni moja ya askari wa miguu wa Uingereza, aliyekuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji mwaka 1917. Alipewa Military Cross (nishani ya ushujaa ya maafisa wa Uingereza) katika orodha ya Mwaka Mpya, London Gazette (gazeti rasmi la serikali ya Uingereza) ya 1 Januari 1918. Kasoro yake mnaijua: nishani za Mwaka Mpya na za siku ya kuzaliwa Mfalme zilichapishwa jina tupu, bila kueleza mtu alifanya nini. Za papo kwa papo, yaani zilizotolewa mara baada ya tendo fulani, ndizo zilizokuwa na maelezo.

Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London (namba za WO ni za mafaili ya Wizara ya Vita), nimeshapitia kadi yake ya medali (WO 372), jalada lake la afisa (WO 339), ambalo limepunguzwa mno, na shajara ya vita ya batalioni (WO 95). Shajara inataja uvamizi wa usiku na doria kadhaa, lakini maafisa wadogo hawatajwi. Mapendekezo ya awali ya kumpa nishani sitegemei kuyapata, maana mengi yaliteketea kwa mabomu mwaka 1940.

Maswali mawili. Je, rejista za nishani za WO 389 huandika mahali na tarehe hata kwa nishani za Mwaka Mpya, au ni za papo kwa papo tu? Na kabla sijalipia nakala kule Kew, nianze na viambatisho vya shajara ya brigedi au vya divisheni?