Boti ya plaiwudi imepasuka kwenye mawe ya Ruvuma: kiraka, sakafu mpya au kalafati?

MtuWaNanyumbu

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, hasa mafundi wa Mikindani na Kilwa Kivinje.

Nina boti ya plaiwudi ya futi 16, sakafu bapa isiyo na mkuku (ule mti wa chini kabisa), omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zote zimeinuka. Ni ule mtindo wa Oregon, Marekani, wa kuteremkia mito yenye mawe: mpiga makasia anakaa akitazama anakokwenda, na anavuta makasia kinyume ili kupunguza kasi. Aliniuzia mgeni mmoja alipomaliza shughuli zake huku. Ubavu ni mm 6, sakafu mm 12.

Wiki iliyopita tulikuwa tunashuka mto Ruvuma, upande wa juu wa Daraja la Umoja linalovukia Msumbiji, watu watatu na nyavu. Maji yamepungua, mawe yametoa vichwa. Penye mawe ya kwanza tulipita, ya pili tukapita, ya tatu boti ikakaa ubavu na jiwe likaingia konani, pale ubavu unapokutana na sakafu. Ufa wa sentimita 70 hivi, tundu la kupitisha ngumi, mataruma (mbavu za ndani) mawili yamekatika. Tulisokota khanga tukaziba, mmoja akaikalia, wawili tukachota maji kwa sufuria hadi kingoni. Viboko wanatutazama tu.

Sasa nimepewa njia tatu na kila aliyenipa anaapa yake ndiyo sahihi. Wa kwanza anasema nipige kiraka cha plaiwudi kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) na faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo). Wa pili anasema ning'oe sakafu yote niweke mpya. Wa tatu, mzee wa hapa kijijini, anasema nikate pale palipoumia, nitie ubao wa mkongo na kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya ya mbao, basi. Ipi? Nataka irudi majini kabla mvua za mwezi wa 12 hazijaujaza mto.

Kivinje_Kwetu

Pole sana ndugu. Hata yule mpelelezi Mwingereza Livingstone alipopanda Ruvuma kwa boti mwaka 1862 alirudishwa na mawe, kwa hiyo usione aibu.

Kalafati ondoa kwenye orodha. Nimekulia kwenye karakana ya mashua, najua utamu wake na najua inapokoma. Kalafati inashika kwa sababu ubao ukinywa maji unavimba na kuibana pamba iliyo katikati ya mbao mbili. Plaiwudi ni matabaka yaliyopishanishwa nyuzi yakagandishwa kwa gundi, haivimbi kwa upana kama ubao. Ukianza kupigilia pamba kwenye ukingo wake kwa patasi na nyundo unayaachanisha matabaka wewe mwenyewe. Halafu ubao wa mkongo katikati ya plaiwudi: mmoja unavimba na kusinyaa, mwenzake ametulia. Msimu mmoja tu mwanya unarudi.

Mzee wako hajakosea, ila anazungumzia chombo kingine.

Dereva_wa_Masasi

Mbona mnajitesa? Bati, lami ya moto, misumari. Nimeona mitumbwi inavuka hivyo miaka.

Kivinje_Kwetu

Kuvuka maji yaliyotulia, sawa. Huyu anateremka kwenye mawe. Ukingo wa bati ukikutana na jiwe unafunuka kama mfuniko wa kopo la samaki. Na maji yakiingia nyuma ya bati hayatoki, mbao inaoza huku wewe unaona bati linang'aa.

MamaDagaa

Naongeza la kwangu maana limeniuma mfukoni. Nina boti mbili Mikindani. Moja ilipopasuka, fundi alitumia resini ile ya kawaida ya faiba, ya kudondoshea matone ya hadina (dawa ya kuigandisha), kwa sababu ndiyo ya bei rahisi. Ikapendeza kweli. Miezi minne baadaye kiraka kikabanduka kizima, nikakishika mkononi kama sahani. Resini ile inakauka ikisinyaa na haing'ang'anii mbao vizuri. Kwa boti iliyojengwa kwa faiba tupu haina neno. Kwa mbao nunua epoksi hata kama ni kuagiza Dar. Nilichookoa siku ile nilikilipa mara mbili.

Pia kuna atakayekwambia upake mafuta ya maganda ya korosho. Ni kinga nzuri ya mbao, wazee wametumia, lakini yanaunguza ngozi, na ukishayapaka hakuna gundi itakayoshika hapo. Weka mbali mpaka kazi ya gundi iishe.

FundiMikindani

Salaam kwenu. Nimesoma yote, MamaDagaa kasema kweli tupu.

Kijana, unauliza kiraka au sakafu nzima kabla hujaijua hali ya hiyo sakafu. Fanya hivi kwanza. Pindua boti kivulini penye upepo, chini ya mwembe panatosha, usiianike kwenye jua kali ikapinda. Iache ikauke siku kadhaa. Kisha jioni bandika kipande cha nailoni juu ya mbao, ziba kingo zote kwa selotepu. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, bado ina maji, subiri. Epoksi juu ya mbao yenye maji ni kazi bure.

Ikikauka, chukua mpini wa bisibisi ugonge sakafu yote, shubiri kwa shubiri. Mbao nzima inalia "ko, ko". Iliyooza au iliyoachana matabaka inalia "bu". Paweke alama kwa chaki.

Kama alama zote zimezunguka tundu, kiraka kinakutosha. Kata hadi ufikie mbao nzima, na pembe za tundu zifanye mviringo, maana pembe kali ndiyo inayozaa ufa mwingine. Usibandike kiraka kwa nje hata siku moja! Sakafu ya boti hii imetengenezwa iteleze juu ya mawe, kitu kikitokeza hata unene wa kidole, jiwe litakishika, na boti itageuka tena ubavu. Kipande kipya kikae sawasawa na sakafu. Randa kingo kwa mshazari, mara 8 ya unene: mm 12 ni karibu sentimita 10. Upande mmoja unateremka, mwenzake unapanda, vinalaliana kwa gundi. Kona uijaze kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la msasa la mbao, iwe nzito kama siagi ya karanga, kisha kitambaa cha faiba ndani na nje. Taruma lililokatika usiliunge, liwekee mwenza kando yake kwa gundi na skrubu.

Vipimo vya epoksi ni vya kopo lako, soma, usikisie. Usiongeze hadina ukidhani itakauka haraka, hiyo siyo resini ya matone. Kwa joto letu usikoroge nyingi kwenye kopo moja, itachemka na kutoa moshi mkononi mwako. Imwage kwenye sahani pana. Ikikauka inaweza kuacha utando kama nta. Uoshe kwa maji na brashi kabla ya kupiga msasa au kuongeza mkono mwingine. Mwisho rangi, kwa sababu jua linaila epoksi.

Kama alama za chaki zimetapakaa, ng'oa sakafu. Usimvike maiti kanzu mpya.

MtuWaNanyumbu

Shikamoo mzee. Nimegonga leo. Kuzunguka tundu ni "ko, ko" safi. Lakini chini ya kiti cha nyuma, ambako hata sikugonga jiwe, ni "bu" eneo la kama meza ndogo. Bisibisi imezama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Kumbe maji yalikuwa yanatuama pale miaka yote.

FundiMikindani

Marahaba. Basi jiwe limekufanyia hisani. Ng'oa yote, lakini sakafu ya zamani usiichome. Itumie kama kigezo, uchore mpya kwa kuifuata. Na unapoibana ufuate ule mpindo wa omo hadi tezi. Ukiilaza imenyooka boti haitageuka kwa kasia moja tena. Plaiwudi unapata wapi?

MtuWaNanyumbu

Nimeona Masasi, muuzaji anasema haiingii maji.

Kivinje_Kwetu

Omba kipande cha kiganja, kichemshe saa nzima. Gundi ya kweli haijali.

MamaDagaa

Na ukimaliza peleka ikaguliwe na TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hujapakia watu. Usiwaogope, waoneshe tu kazi ilivyofanyika.

MtuWaNanyumbu

Mrejesho: nimechemsha. Dakika ya ishirini imeachana kama chapati za kusukuma, tabaka tano, nimeziweka juu ya meza ya yule muuzaji. Nimeagiza ya boti Dar, inakuja juu ya basi Alhamisi pamoja na epoksi. Skrubu za sakafu ya zamani nimeshatoa 112, zilizobaki zimekula kutu, nazikata kwa msumeno wa chuma.