MJADALA: Mbaraka wa Super Volcano tulimhukumu kwa masikio au kwa nakala mbovu?

Fundi Sindano

Wakuu, kila likitajwa jina la Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na muimbaji wa dansi, ubishi huwa uleule. Alipokuwa kwenye bendi ya Morogoro Jazz alikuwa moto. Alipotoka mwaka 1973 akaunda Orchestra Super Volcano, akapoa. Wenye msimamo huo hutoa sababu tatu: besi haisikiki, nyimbo zinakatika kabla hazijakolea, na gitaa lake limekuwa jembamba, la mtu mwenye haraka. Mimi nasema zote tatu hazimhusu Mbaraka. Zinaihusu nakala.

Tuanze na besi. Santuri haichongwi jinsi muziki ulivyo. Wakati wa kuchonga, sauti nzito hupunguzwa ili mifereji isiingiliane, na sauti kali huongezwa ili izidi mkwaruzo wa plastiki. Kwenye sauti nzito ya hezi 50 kinachopunguzwa ni takriban desibeli 17 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwenye sauti kali ya hezi 10,000 kinachoongezwa ni takriban 14. Kazi ya kurudisha mizani ni ya priampu ya santuri, yaani kikuza sauti cha awali. Mtu akichomeka waya wa gramafoni moja kwa moja kwenye kompyuta, priampu hakuna, basi besi inabaki kule chini na matoazi yanachoma masikio. Nakala za namna hiyo zimejaa mtandaoni, halafu tunaambiwa Super Volcano hawakuwa na mpiga besi.

Nyimbo kukatika: sahani ya inchi 7 ya mzunguko wa 45 hubeba dakika nne hivi kila upande, tano ukibana. Wimbo mrefu wa dansi uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Upande wa kwanza una hadithi, wa pili una chemko, pale muziki unapokolea watu wacheze. Anayepakia upande mmoja ametupa sahani nzima ya wali akabakisha mchuzi.

Na ile haraka ni kanda. Mashine ya kaseti ikienda kasi kwa asilimia 4, wimbo wa dakika 8 unaisha kwa dakika 7 na sekunde 41, na sauti inapanda karibu theluthi mbili za nusu toni. Hapo muimbaji mtulivu anageuka kijana anayekimbiza basi.

Mluguru

Fundi, umepanga vizuri lakini kuna tundu. Morogoro Jazz nao walitoka kwenye sahani hizohizo za 45, wakadurufiwa kwenye kaseti hizohizo. Mbona wao hawakupungua? Ikiwa ugonjwa ni wa nakala, ungewapata wote wawili.

Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, mwaka ambao Mbaraka mwenyewe alizaliwa. Alipoingia katikati ya miaka ya 1960 alikuta nidhamu, akakuta watu wa kumwambia hapana. "Expo 70", waliporudi kutoka kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, na ule wa kumlilia Dkt. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 25, 1971: sikiliza jinsi gitaa linavyojua kunyamaza. Super Volcano ilikuwa yake peke yake, na mwenye nyumba haambiwi apunguze sauti.

Kisauni45

Kwanza tuache kuita kazi za Super Volcano "kazi binafsi", yaani "solo", kama wanavyosema Wazungu kwa mwanamuziki aliyeacha bendi akarekodi albamu kwa jina lake. Kwenye dansi solo ni gitaa, na huyu bwana aliitwa Soloist National kwa sababu ya vidole vyake, si kwa sababu alisimama peke yake. Ukitoka bendi unaacha jina, unaacha vyombo, unaanza kutafuta mpiga rizimu. Ndivyo alivyofanya Remmy Ongala alipotoka Orchestra Makassy akaenda Super Matimila, ndivyo Marijani Rajabu alivyotoka Safari Trippers akahamia Dar International. Kwa hiyo swali si Mbaraka peke yake alikuwaje. Swali ni hizi bendi mbili, ukizisikia katika hali sawa, ipi inakukalisha.

Na "Shida" ni ya Super Volcano, jamani. Huku Mombasa hata mtoto anaijua. Bendi iliyopoa haitoi wimbo ule.

Mama Santuri

Mluguru ameuliza swali la haki na linajibika. Hali hazikuwa sawa. Morogoro Jazz walipata CD, ile *Masimango* iliyotolewa Ujerumani na Dizim. Wengi wanaolinganisha leo wanalinganisha CD iliyotengenezwa kwa makini na kaseti iliyodurufiwa mara nne.

Jambo la pili ni mpaka. Sahani zilichapwa Nairobi. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Mpaka ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, katikati ya kipindi hicho. Nadhani ndiyo sababu sahani safi za miaka yake ya mwisho ni haba upande wa Tanzania, na kaseti ikachukua nafasi ya sahani.

Sasa kwa anayetaka kusikia mwenyewe badala ya kubishana. Utaratibu ni huu:

Osha sahani kwa maji yasiyo na chumvi (distilled water), yale ya kuongezea betri, si asidi, au ya duka la dawa, na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya bomba yana chumvi; yakikauka yanaacha unga ndani ya mfereji na sindano inausoma kama mkwaruzo. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usikate mifereji kwa upana, na karatasi ya lebo isiloe. Suuza mara ya pili bila sabuni. Spiriti mnaweza kuitumia kidogo kwenye plastiki, lakini isiguse kabisa zile santuri za zamani za mzunguko wa 78. Zile ni za lakri (shellac), zinayeyuka.

Sindano iwe ya ncha ya mviringo, na uzito wake ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Kwa katriji nyingi za kawaida (kile kichwa kinachoshika sindano) ni gramu 2 hivi. Watu hudhani uzito mdogo unahurumia sahani. Kinyume chake: sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba, na uharibifu huo haufutiki.

Rekodi kwa biti 24 na hezi 96,000, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya ukomo. Ukirekodi kwa sauti ya juu mno, mlio mmoja wa mkwaruzo unagonga dari na hapo hapana dawa.

Rizimu

Ongeza la mono, yaani sauti ya njia moja, Mama Santuri, wengi hawalijui. Ukishapata faili lenye njia mbili, kushoto na kulia, geuza njia moja iwe kinyume halafu zijumlishe. Muziki ukipotea ikabaki mikwaruzo tu, ujue sahani ni ya mono. Basi rudi kwenye faili la mwanzo, jumlisha njia zote mbili kama zilivyo. Kelele za sindano kupanda na kushuka zinafutana zenyewe, unapata usafi bila kugusa programu yoyote ya kusafisha. Pia faili linapungua nusu: dakika moja inakuwa megabaiti 17 badala ya 35.

Fundi Sindano

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kitufe kingine chochote. Na Mluguru, swali lako la Morogoro Jazz lilinibana, Mama Santuri ameniokoa kwa hoja ya CD, nakubali.

Kuna kasoro moja zaidi ambayo watu humsingizia mpiga gitaa: tundu la katikati. Likitobolewa nusu milimita pembeni, wimbo unayumba, unapanda na kushuka mara moja kila sekunde 1.33, kwa sababu sahani inazunguka mara 45 kwa dakika. Mwanzoni mwa upande, ambako sindano iko nje, kuyumba ni kudogo. Ikifika ndani, milimita 55 kutoka katikati, ni karibu asilimia 0.9 kila upande. Maana yake theluthi ya nusu toni kutoka juu hadi chini. Na huko ndani ndiko solo huvuta noti ndefu! Mtu anasema Mbaraka alikuwa na gitaa ambalo nyuzi zake hazikukazwa sawasawa. Alizikaza vizuri, aliyekosea ni mtoboa tundu. Dawa: panua tundu kidogo kwa kisu cha duara, weka sahani, tazama mkono wa gramafoni kwa ubavu, sukuma sahani kwa kidole hadi mkono uache kucheza kushoto na kulia.

Mluguru

Kupanua tundu la sahani ambayo labda zimebaki tano duniani? Hiyo nayo mnaita uhifadhi?

Fundi Sindano

Kama ni adimu usiipanue. Ondoa kijiti cha katikati cha gramafoni kama kinatoka, au inua sahani juu ya mkeka mnene kidogo ili tundu lipite juu ya kijiti. Umesema kweli, nilikimbilia kisu.

Kijana wa Msamvu

Samahani wakubwa, nina mafaili ya kaseti tu, sahani sina. Nitajuaje kasi sahihi?

Rizimu

Kijana, njia ya kwanza ni mvumo wa umeme. Umeme wetu wa Kenya na Tanzania ni hezi 50. Tafuta sekunde mbili za kimya kabla gitaa la kwanza halijaingia, zitazame kwenye programu inayoonyesha masafa. Ukiona mstari kwenye 52 badala ya 50, faili linakwenda kasi kwa asilimia 4. Ukirudisha nyuma kwa kiasi hicho umemaliza. Ila tahadhari: mistari inaweza kuwa miwili, mmoja wa studio na mwingine wa nyumba ilikodurufiwa kaseti. Unaoufuata ni wa studio, nao kwa kawaida ndio unaobadilika pamoja na muziki wimbo ukiyumba.

Usitegemee kukaza nyuzi za gitaa lako kufuata wimbo. Bendi zile zilikaza nyuzi kwa sikio, zikiwa pamoja. Si lazima ziangukie kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti ya A.

Mkwaruzo

Naona wote mmekubaliana kusafisha. Mimi sikubali. Nendeni mkasikilize kinachobaki baada ya mtu kuvuta kelele chini kwa desibeli 20 kwa programu ya kusafisha: manyanga yamekuwa kama mtu anayepuliza majani, gitaa la rizimu limezama, waimbaji wanaimba ndani ya pipa la maji. Programu haijui tofauti ya mkwaruzo na manyanga, kwa sababu masafa yao ni yaleyale. Heri nisikie mikwaruzo yote.

Mama Santuri

Mkwaruzo, anayevuta 20 ni mharibifu, tusimfanye mfano. Ondoa kwanza milio ya ghafla mmojammoja, kwa mkono, ile inayoonekana kama mwiba kwenye mchoro wa sauti. Mara nyingi hapo inatosha. Kama bado kuna mvumo wa kudumu, chukua sampuli ya kelele kwenye mfereji wa mwanzo kabla ya muziki, vuta desibeli 4, zisizidi 6. Kisha sikiliza kile ulichokiondoa, peke yake. Ukisikia manyanga mle ndani, umevuka. Rudi nyuma.

Na faili ghafi usilifute kamwe.

Kisauni45

Sasa lile lenye mvutano wa kweli: tuunganishe sehemu ya kwanza na ya pili au la? Mimi nasema ziunganishwe. Studioni bendi ilipiga mfululizo; ni sahani iliyowakata.

Mluguru

Una hakika gani kwamba walipiga mfululizo? Zipo sahani ambazo mwisho wa upande wa kwanza sauti inafifishwa taratibu na upande wa pili unaanza kwa kupanda. Hapo ndiyo, ukanda ulikuwa mmoja. Zipo nyingine upande wa kwanza unaishia kwa pigo la drams, kavu, na wa pili unaanza upya kwa mwendo mwingine. Ukiunganisha hizo umetunga wimbo ambao hakuna aliyewahi kuupiga.

Fundi Sindano

Basi tuamue kwa alama hizo. Ikiwa kuna kufifisha, inua mwisho wa upande wa kwanza taratibu kwa kiasi kilekile ambacho sauti ilishushwa, tafuta kifungu cha gitaa kinachojirudia pande zote mbili, kiweke juu ya mwenzake. Pima kwanza kasi ya kila upande peke yake, maana tofauti ya nusu asilimia inatosha kulifanya gitaa lipige mara mbili kama mwangwi. Kelele zitapanda pamoja na muziki pale ulipoinua, ziache.

Kijana wa Msamvu

Nikimaliza, nikipakia mtandaoni kuna tatizo?

Kisauni45

Lipo. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Amefariki 1979, hesabu inafika mwisho wa 2029. Warithi wana haki, na mwenye rekodi ana haki yake tofauti. Sikiliza nyumbani, linganisha, andika ulichogundua. Kabla ya kupakia ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Mluguru

Na ukiandika, taja bendi. Mafaili mengi yameandikwa "Mbaraka Mwinshehe" tu, Morogoro Jazz na Super Volcano kwenye kapu moja, halafu watu wanakuja hapa kubishana kuhusu bendi wasiyojua kama ndiyo waliyoisikia. Andika jina la bendi kama lilivyo kwenye lebo, namba ya sahani, upande, na ile namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo. Tochi ya simu ukiilaza inaonekana.

Kwenye hoja yenyewe sijahama. Lakini nitaisikiliza Super Volcano upya, kwa mono, yenye besi, pande zote mbili. Faili lililounganishwa mniletee pia, ila lisiitwe la asili.

Kisauni45

Tutaliita "la kuunganisha", mzee. Anza na "Shida".