Waranti ya gari la umeme: siku ya 97 gari liko yadi, spea hakuna, jibu hakuna

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo ni siku ya 97 gari langu limelala kwenye yadi ya walioniuzia. Nililichukua jipya kabisa miezi 14 iliyopita. Jina la kampuni silitaji leo, lakini nina hakika wapo humu watakaojiona kwenye maelezo haya.

Natoka Tegeta asubuhi, nafika Mwenge kwenye taa, dashibodi ikajaa alama nyekundu na maandishi kwamba nisimamishe gari mahali salama. Betri ilikuwa na asilimia 71. Nikazima, nikajaribu kuwasha, halikuwaka tena. Nyutro haiingii, kwa hiyo hata kulisukuma pembeni haiwezekani. Daladala nyuma zinapiga honi, mwanangu yumo ndani na sare za shule analia. Breki dauni ya kwanza ikaja ile ya kunyanyua tairi za mbele na kuburuta, nikaikataa. Langu mota iko nyuma, na tairi hizo zikiburutwa chini mota inazunguka na kuzalisha umeme wenyewe, unaweza kuunguza vingine. Nikasubiri saa mbili juani hadi likapatikana la kubeba gari zima mgongoni.

Fundi wao, kijana anayejua kazi na sina ugomvi naye, alinieleza tatizo ndani ya nusu saa. Gari la umeme lina betri kubwa ya kuendeshea, halafu lina ndogo ya volti 12 kama magari mengine. Hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Bila hiyo, betri kubwa hata ikijaa pomoni gari haliendi. Gari la mafuta lina altaneta ya kuichaji ndogo. Hili halina, lina kifaa kinachopunguza mamia ya volti ya betri kubwa ili kuichaji. Kifaa hicho ndicho kimekufa, na kwenye gari langu kimo boksi moja na chaja ya ndani, kwa hiyo linabadilishwa boksi zima.

Nikasema sawa, waranti ipo, badilisheni. Basi ndipo nilipoanza kuzungushwa.

Kwanza wakaniambia ile miaka 8 au kilomita 160,000 waliyonihubiria siku ya kununua ni ya betri kubwa peke yake, boksi lina miaka 3. Sawa, miezi 14 si imo ndani ya miaka 3? Wakahamia kwenye umeme: eti nachaji nyumbani, umeme unapanda na kushuka, hayo ni matumizi mabaya. Jamani, soketi ile na waya wa ethi walikuja kufunga mafundi wao wenyewe, risiti ninayo! Nikawaambia hilo la matumizi mabaya waniandikie kwenye barua yenye muhuri. Hawakuandika, na hoja hiyo hawakuirudia tena. Sasa wimbo ni mmoja, spea inatoka China. Kwanza wiki tatu, kisha wiki sita, kisha iko melini. Naomba namba ya oda, sipewi. Namba ya oda tu!

Siku ya 60 nilikwenda mwenyewe. Gari liko juani, vumbi tupu. Betri ndogo imekaa bila chaji miezi miwili na imekufa, na hiyo wanataka niilipie mimi. Halafu siku zote hizi zinaendelea kukatwa kwenye miaka yangu mitatu ya waranti. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Wao wanachelewa, muda unaoliwa ni wangu.

Tafadhali msije kuniambia magari ya umeme ni mabovu. Miezi 11 ya mwanzo sikubadilisha kitu zaidi ya wipa. Uniti moja ya LUKU ni kama sh 356, betri yangu inajaa kwa uniti 50, yaani chini ya sh 18,000, na nilikuwa nazunguka Dar siku nne au tano. Gari nalipenda. Ninachokikataa ni mtu kukuuzia gari la mamilioni wakati hana hata boksi moja la akiba nchini. Leo nalipa teksi kwenda kazini na kurudi, na mkopo wa benki unakatwa kila tarehe 25 kwa gari nisiloliendesha.

Nadai mambo haya: namba ya oda na tarehe ya kufika kwa maandishi, gari la kutumia hadi langu lipone, betri ndogo mpya kwa gharama yao, na siku zote lilizokaa yadi zirudishwe kwenye waranti.

Jumatatu napeleka malalamiko FCC, yaani Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji anayepotoshwa na muuzaji, na karatasi zangu zote zimo kwenye faili. Kama gari lako limekwama kwa kifaa hiki hiki, sema ulisubiri siku ngapi na kama ulipewa lolote kwa maandishi. Wenye barua au risiti nicheki PM kabla ya Jumapili jioni, niziambatanishe na zangu.