Naomba ushauri: nawatambulishaje Just a Band?

Habari zenu wadau. Ijumaa nimepewa dakika tano kwenye redio ya chuo niwatambulishe Just a Band, bendi ya Nairobi, nimekwama hapo kwa memba. Kuna Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, walikutana Kenyatta University, wanapiga pop iliyochanganywa na elektroniki na fanki, na video walikuwa wanatengeneza wenyewe, yule Makmende, shujaa wa video yao ya Ha-He aliyetikisa mitandao 2010, ni wa kwao. Nimejaribu kusema huyu anaimba huyu anapiga hiki, inatoka kama mwalimu anaita majina darasani, maana hawa jamaa kila mtu anagusa kila kitu jamani. Sasa nianze na Makmende ndo nirudi kwa majina? Na Chuchu, aliyetoka kwenye bendi 2012, nimtaje pamoja na wenzake au mwishoni?