Naomba ushauri: kupiga picha za ndege wa Australia katika hifadhi ya Healesville

Mtoa mada: Ndugu wanajamvi, ninasoma Melbourne, na mwezi Julai ninatarajia kwenda Healesville Sanctuary, hifadhi ya wanyama na ndege wa asili ya Australia iliyo mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka jijini. Lenzi yangu ni ya milimita 70 hadi 300. Picha ninazopiga nikiwa nje ya banda hutoka na mistari ya kijivu ya wavu, na ndege anayeruka hutoka mbawa zimefifia. Naomba mnielekeze.

Lenzi Ndefu: Mistari hiyo hutokana na jua linalopiga waya, kwa hiyo tafuta upande wa banda wenye kivuli, sogeza lenzi karibu na wavu kadiri inavyoruhusiwa, vuta hadi milimita 300, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha subiri ndege akae mbali na waya, hapo wavu hupotea wenyewe. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho la ndege, maana kamera ikiachiwa ijichagulie itashika waya. Flashi izime kabisa.

Mwanambuga: Naafikiana na mwenzangu, ila Julai ni majira ya baridi kule, wakati dume la ndege-kinubi (lyrebird kwa Kiingereza) anapoimba na kucheza, na kwangu huyo ndiye wa kutengewa muda mrefu kuliko wote. Huishi chini ya miti mirefu penye mwanga hafifu, hivyo usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, kwa kuwa chembechembe kwenye picha zinavumilika kuliko ndege aliyefifia. Anapocheza huupindua mkia wake wenye manyoya 16 mpaka ukamfunika kichwa, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha mbele na juu yake. Tafadhali usimchezee sauti za ndege kwenye simu ili aje. Huo ni usumbufu, hasa msimu wa kutafuta majike.

Kuhusu anayeruka, tai mkia-kabari ana mbawa zinazozidi mita 2 zikikunjuliwa, na akipita karibu milimita 300 zitamkata. Rudi kwenye milimita 150, weka kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde na fokasi ya kufuatilia. Rangi yake inakaribia weusi, na mbele ya mawingu meupe kamera humgeuza kivuli kitupu, kwa hiyo ongeza mwanga kwa hatua moja.

Mtoa mada: Nawashukuru sana. Je, nifike saa ngapi, na kuna ndege mwingine nisiyepaswa kumkosa?

Lenzi Ndefu: Fika asubuhi lango linapofunguliwa, kabla ya makundi ya watoto wa shule. Ulizia kasuku mwenye tumbo la rangi ya chungwa, ambaye porini wamebaki wachache mno na hifadhi hiyo ni miongoni mwa zinazomzalisha ili arudishwe. Ukiruhusiwa kumwona, piga picha chache, bila kugonga wavu wala kupiga mbinja.