Mjadala: Mamba ilituvusha, je, sasa turudi conda?

Hoja iliyo mezani: maabara na idara za vyuo vyetu Uganda zinazofanya kazi kwa Python na R ziache amri ya mamba, zirudi kwenye conda yenyewe, na miongozo ya wanafunzi iandikwe upya hivyo. Zote mbili ni programu za kusakinisha vifurushi na kujenga mazingira, yaani folda zinazojitegemea zenye vifurushi vya kazi moja. Tafadhali tujibizane kwa hoja na amri zinazoweza kujaribiwa.

Mtunza seva, Kampala
Naunga mkono. Kilichotutoa conda ni kitatuzi (solver) chake cha zamani, sehemu inayochagua matoleo ya vifurushi yanayopatana. Ukikiomba kifurushi chenye vitegemezi vingi kutoka conda-forge, chaneli (hazina ya vifurushi) inayotunzwa na jamii, kilikaa kwenye "Solving environment" hadi kompyuta ya RAM GB 4 ikakwama. Mwaka 2019 mamba ikaleta libsolv, maktaba ileile ya utatuzi inayotumiwa na zypper ya openSUSE na DNF ya Fedora, visakinishi vya mifumo hiyo ya Linux. Waliohama walikuwa na haki. Lakini tangu conda 23.10, kitatuzi cha libmamba, maktaba ya mamba yenyewe, ndicho chaguo-msingi ndani ya conda yenyewe. Thibitisha kwa `conda config --show solver`. Mambaforge, kisakinishi kilichokuja na mamba, nayo imeshasitishwa, na wenyewe wanaelekeza watu Miniforge, kisakinishi cha conda-forge. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afundishwe amri mbili zinazofanya kazi moja kwa faida gani?

Mchambuzi wa jenomu, Entebbe
Napinga, ssebo. Kitatuzi ni kimoja, lakini kilichokizunguka si kimoja. Conda bado ni Python: kila amri, hata `conda list`, lazima kwanza iwashe Python na kupakia moduli zake. Mamba 2.0 ya mwaka 2024 imeandikwa yote kwa C++. Kwa mtu anayeweka kifurushi kimoja kwa wiki hilo si kitu. Kwa mtiririko wa Snakemake (programu ya kuendesha hatua za uchambuzi) unaojenga mazingira ishirini mfululizo, sekunde hizo zinajumlishika.

Mtunza seva, Kampala
Snakemake hiyohiyo sasa hutumia conda kama chaguo-msingi cha kujengea mazingira. Tena hayo mazingira ishirini hujengwa mara moja, kisha yanatumika mwezi mzima. Kinachokula muda kwetu ni mtandao, si Python kuwaka. Faharasa ya conda-forge (orodha ya vifurushi vyake vyote) peke yake ni makumi ya megabaiti hata ikiwa imebanwa, na zote mbili zinaihitaji.

Mhadhiri, Gulu
Jambo moja kabla hatujaenda mbali. Wapo wanaoiita mamba tawi lililojitenga (fork) la conda, na neno hilo linawatisha watu. Mamba iliandikwa upya. Ile ya 1.x iliazima sehemu za Python za conda, na 2.0 ikaachana nazo. Ila kwenye diski mpangilio ni uleule: kila mazingira yana folda ya `conda-meta` yenye faili za JSON za kila kifurushi, na conda inazisoma bila kujali nani aliziandika. Kwa hiyo kurudi hakuhitaji kufuta wala kupakua upya hata kifurushi kimoja. Anayemwambia mwanafunzi "futa yote uanze upya" anamchomea bando la data bure.

Mtunza seva, Kampala
Asante, mwalimu. Basi niweke hatua, maana hapa ndipo watu wanapoharibu.

Kwanza hifadhi: `conda list -n jina --explicit > jina.txt` kwa kila mazingira. Kisha `conda update -n base conda`. Halafu `conda remove -n base mamba`, na usome orodha kabla ya kubonyeza y. Ukiona `libmambapy` au `conda-libmamba-solver` zimo katika zinazoondolewa, sema hapana. Hizo ndizo conda inazitumia kutatua. Ukiziondoa, conda inabaki bila injini. Aliyekwisha ziondoa ajaribu `CONDA_NO_PLUGINS=true conda install -n base conda-libmamba-solver --solver=classic`. Kitatuzi cha zamani kitachukua muda, kiache kimalize.

Sasa `.bashrc`, faili la mipangilio ya bash. Ukikuta mistari ya `>>> mamba initialize >>>` na ya `>>> conda initialize >>>` pamoja, futa ya mamba kuanzia mwanzo hadi `<<<`, endesha `conda init bash`, fungua terminali mpya. Zikibaki zote mbili zinagombania PATH (orodha ya folda zinakotafutwa amri), na unajikuta umeamsha mazingira moja huku `which python` ikionyesha mengine.

Mchambuzi wa jenomu, Entebbe
Na hati za kazi (script) zilizopo kwenye seva? Tuna mafaili mengi yenye `mamba activate`.

Mtunza seva, Kampala
`alias mamba=conda` haitasaidia, kwa sababu bash haisomi alias ndani ya hati isiyo ya mazungumzo. Hata faili dogo la `mamba` ndani ya `~/bin` linaloita conda litafaa kwa install na create tu. Activate ni fanksheni ya gamba (shell), lazima iguse gamba lenyewe. Badilisha kwa `sed -i 's/mamba activate/conda activate/'`, na juu ya hati uweke `source ~/miniforge3/etc/profile.d/conda.sh`.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Mbarara
Ninyi mnabishana juu ya amri, hatari kubwa imepita pembeni. Mwambie mtu "rudi conda" na ataenda kupakua Miniconda, kisakinishi cha kampuni ya Anaconda. Miniconda inaelekeza kwenye chaneli ya `defaults` ya Anaconda, na masharti yake tangu 2020 yanadai leseni ya kulipia kwa shirika lenye watu zaidi ya 200. Ufundishaji una nafasi yake, lakini taasisi ya utafiti isome masharti hayo yenyewe kabla ya kubonyeza chochote. Tukirudi, turudi kwa Miniforge, ambayo conda yake inaanza na conda-forge.

Halafu kuna kuchanganya. Vifurushi vya `defaults` na vya conda-forge havijajengwa kwa vikusanyaji (compiler) vilevile, na vikikaa pamoja utaona makosa ya "undefined symbol" unapoita maktaba iliyokuwa inafanya kazi jana. Kwa hiyo: `conda config --remove channels defaults`, `conda config --set channel_priority strict`, na katika `environment.yml` andika conda-forge, bioconda (chaneli ya programu za biolojia), kisha `nodefaults`, kwa mpangilio huo. `conda config --show-sources` itakuonyesha ni faili lipi linalorudisha `defaults` kila unapoliondoa. Mara nyingi ni `.condarc` ya mfumo, si ya mtumiaji.

Mhadhiri, Gulu
Hilo nalikubali kwa moyo wote. Kwenye mtandao wa polepole ongeza `conda config --set remote_read_timeout_secs 300` na `conda config --set local_repodata_ttl 86400`, ili faharasa isiulizwe tena siku nzima. Darasani pakua mara moja, beba folda ya `pkgs` (vifurushi vilivyokwisha pakuliwa) kwa flashi, kisha `conda create -n darasa --offline --file darasa.txt`. Hakikisha tu mashine zote ni za mfumo mmoja; orodha ya `--explicit` ya linux-64 haifai Windows.

Mchambuzi wa jenomu, Entebbe
Kwa kompyuta za wanafunzi nimeridhika, conda ya Miniforge iwe ndiyo ya mwongozo. Kwenye kontena siachi micromamba, toleo dogo la mamba: faili moja, haina base, haihitaji Python. Na wenye mazingira yao ndani ya `~/micromamba/envs` waongeze `conda config --append envs_dirs ~/micromamba/envs` ili conda iyaone. Kwa `pkgs_dirs` mjihadhari: ukiiweka wewe, njia ya mwanzo haihesabiwi tena, kwa hivyo andika zote mbili.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Mbarara
Sawa, nnyabo, kontena zibaki hivyo. Limebaki swali la nani atatunza kioo (mirror), yaani nakala, cha conda-forge hapa nchini ili vyuo visivute faili zilezile kutoka ng'ambo kila muhula. Chaneli ya ndani si kazi ngumu: folda ya `linux-64` na ya `noarch`, kisha `python -m conda_index` juu yake. Mwenye diski na nafasi kwenye RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, ajitokeze.