Bonasi ya wanajeshi wa Marekani 1932: lawama zote ni za Hoover?

MLETA MADA
Wakuu, kila zikitajwa habari za Mdororo Mkuu wa Uchumi kule Marekani, simulizi ni ileile: Rais Hoover katili, Roosevelt aliyemrithi mkombozi. Na ushahidi unaopendwa ni ule wa Julai 1932, jeshi lilipowatimua Washington wanajeshi wa zamani waliokwenda kudai bonasi yao. Mimi naona Hoover kabebeshwa na mizigo ya wenzake. Naweka hoja mezani, nirarueni.

Tuanze na deni lenyewe. Mwaka 1924 Bunge liliamua kuwafidia waliotumikia Vita Kuu ya Kwanza: dola 1 kwa kila siku ya utumishi ndani ya nchi, dola 1 na senti 25 kwa kila siku ya ng'ambo. Rais Coolidge akaipiga kura ya turufu kuikataa, Bunge likapiga kura tena likampita. Waliostahili dola 50 kushuka chini walipewa taslimu. Wengine wakapewa cheti, kitaiva 1945. Yaani umetoka kwenye mahandaki ya Ufaransa 1918, chako ukakichukue baada ya miaka 27! Wenyewe waliiita bonasi ya jiwe la kaburi.

1932 viwanda vimefungwa, benki zinaanguka. Walter Waters, sajini wa zamani asiye na kazi, akaondoka Portland, Oregon, na wenzake wapatao 300, wakidandia mabehewa ya mizigo. Habari ikasambaa. Kufikia Juni kuna maelfu kwa maelfu Washington, wengine na wake na watoto, wamejenga kambi kwenye matope ya Anacostia, ng'ambo ya mto. Mbao mbovu, mabati yenye kutu, maboksi, milango ya magari mabovu, vyote vimeokotwa jaani. Lakini walichora mitaa, wakachimba vyoo, wakawa na gwaride. Na jambo moja ambalo jeshi lao halikuwahi kuwaruhusu: weusi na weupe walilala kambi moja.

Sasa nani aliwanyima? Tarehe 15 Juni Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuwalipa papo hapo. Tarehe 17 Seneti ikautupa, kura 62 kwa 18. Muswada haukufika hata mezani kwa Hoover. Mbona Seneti haitajwi?

MHASIBU
Mkuu, nakuunga mkono, na nakuongezea tarakimu. Kulipa vyeti vyote kwa mkupuo kungegharimu kama dola bilioni 2.4, karibu nusu ya matumizi ya serikali kuu kwa mwaka mzima. Na mwezi huohuo Hoover ametoka kusaini sheria iliyopandisha kodi ya mapato ya matajiri kutoka asilimia 25 hadi 63, maana hazina ilikuwa inavuja. Tena tangu 1931 walikuwa wanaruhusiwa kukopa hadi nusu ya thamani ya cheti. Tusiseme waliachwa mikono mitupu.

MWALIMU WA HISTORIA
Mhasibu, hiyo ruhusa ya kukopa Hoover aliipinga kwa kura ya turufu, Bunge likampita. Usimpe sifa asiyoitaka mwenyewe. Halafu walikopa cheti chao wenyewe, na wakatozwa riba. Hebu fikiria: unakopeshwa jasho lako, na unalilipia.

Nije kwako, mleta mada. Hakuna anayemlaumu Hoover kwa kura ya Seneti. Analaumiwa kwa tarehe 28 Julai. Asubuhi polisi walikwenda kuwaondoa waliokuwa wamejibanza kwenye majengo chakavu ya katikati ya mji. Kukazuka vurugu, wanajeshi wa zamani wawili wakapigwa risasi wakafa. Mchana likaitwa jeshi. Jenerali MacArthur, Mkuu wa Jeshi zima, akaja yeye mwenyewe: askari wa farasi na panga mkononi, askari wa miguu na singe, vifaru, mabomu ya machozi. Baadhi ya wale wazee wa vita walishangilia mwanzoni, wakidhani vijana wanawapigia gwaride. Usiku kambi ya Anacostia ikawaka moto.

Miongoni mwa maofisa wa askari wa farasi siku hiyo alikuwa Meja Patton. Mwaka 1918 Patton alijeruhiwa Ufaransa, na aliyemburuta kumtoa kwenye risasi alikuwa askari aitwaye Joe Angelo. Angelo alikuwa miongoni mwa wadai bonasi. Baada ya kufukuzwa alimwendea Patton, na Patton akaamuru aondolewe, akasema hamjui. Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo.

MLETA MADA
Mwalimu, la Angelo linauma, sibishi. Ila amri ya Hoover ilikuwa jeshi lisivuke mto kwenda kambini. MacArthur alivuka.

MWALIMU WA HISTORIA
Na alipovuka, Hoover alimfanya nini? Hakumgusa. Alisimama hadharani akamtetea. Mkubwa akikaa kimya mdogo anapoharibu, uharibifu unakuwa wa nani?

MCHANGIAJI WA KARIAKOO
Mimi naishi mtaa uliopata jina kwa wapagazi wa vita hiyohiyo, Carrier Corps ya Waingereza. Wale babu zetu hawakupewa hata cheti cha 1945. Hao wa Washington angalau walikuwa na karatasi ya kuonyesha. Nawapisha, endeleeni.

MSOMAJI WA MOMBASA
Mbona mwamsahau Roosevelt? Alipoingia madarakani 1933, hata mwezi haujaisha alikata pensheni za wanajeshi wa zamani. Wadai walipokuja tena mwezi Mei, hakuwapelekea vifaru, alimtuma mkewe Eleanor. Akakaa nao, akaimba nao. Bonasi? Hapana. Waliambiwa wajiunge na kazi za misitu, dola moja kwa siku. Wengine walipelekwa kujenga barabara visiwa vya kusini mwa Florida, wakalazwa kwenye mahema na vibanda pwani. Kimbunga cha Septemba 1935 kikawakuta humo, wakafa zaidi ya 250. Treni ya kuwaokoa ilichelewa. Hoover aliwaunguzia vibanda, lakini waliofia Florida walikuwa chini ya nani?

MLETA MADA
Ndicho ninachokisema. Na mwaka huohuo wa 1935 Roosevelt alikwenda Bungeni mwenyewe kusoma sababu za kuukataa muswada wa bonasi. Waliolipwa 1936 walilipwa kwa sababu Bunge lilimpita na yeye.

MWALIMU WA HISTORIA
Hapo nakupa. Kwenye bonasi Roosevelt alikuwa Hoover mwenye tabasamu. Lakini Mhasibu atujibu: Juni 1936 hati fungani za dola 50, yaani hati za deni la serikali, ziligawiwa na posta majumbani, karibu dola bilioni 2. Hazina ilianguka?

MHASIBU
Haikuanguka, nakiri. Watu walinunua magari, wakakarabati nyumba, na mwaka ule uchumi ulikua kwa kasi. Lakini 1937 ukaporomoka tena, Mwalimu. Hilo mbona umeliruka?

MWALIMU WA HISTORIA
Uliporomoka baada ya Roosevelt kubana matumizi, na makato mapya ya hifadhi ya jamii kuanza kukatwa kwenye mishahara. Kubana na kutoza, dawa uliyomsifia Hoover kule juu.